Mfuko wa stoma unavuja? Geuza bamba kabla ya kulitupa

Kama unaishi Kibakwe na unavaa mfuko wa haja tumboni, au mtoto wako ndiye anayeuvaa, unalijua swali la alfajiri ya siku ya kliniki. Basi linapiga honi, abiria wanapanda, na wewe bado umeweka mkono juu ya tumbo ukijiuliza: utashika mpaka Mpwapwa? Na ukifika Mpwapwa, utashika mpaka Kongwa, Mbande, hadi Dodoma mjini?

Wengi hulijibu swali hilo kwa kutokwenda. Wanaahirisha kliniki. Wanaacha kwenda kanisani au msikitini, hawaonekani mnadani wala msibani. Mtoto naye anafungiwa ndani ili majirani wasisikie harufu. Ukiwauliza, watakwambia, "Ndivyo ilivyo, mfuko lazima uvuje."

Si kweli. Mfuko unaweza kuvuja mara moja kwa bahati mbaya, lakini unaovuja kila baada ya siku moja au mbili una sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni kwamba haujakaa sawasawa na mwili wako. Wiki hii nataka nikuoneshe jinsi ya kuupima ukaaji huo wewe mwenyewe, nyumbani, kwa kalamu, karatasi na macho yako.

Stoma ni nini?

Stoma ni mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo kwa upasuaji ili haja ipite hapo. Ikitoka kwenye utumbo mpana huitwa kolostomi. Ikitoka kwenye utumbo mwembamba huitwa ileostomi. Ya kupitisha mkojo huitwa urostomi.

Watu wazima huwekewa stoma kwa sababu nyingi: saratani ya utumbo mpana, utumbo kujisokota, utumbo kutoboka, au majeraha ya ajali. Kwa watoto, sababu mbili kubwa ni kuzaliwa bila njia ya haja kubwa, na ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo haina chembe za neva za kuufanya usukume kinyesi. Kila moja kati ya hali hizi humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 5,000 wanaozaliwa. Mzazi, hukulaaniwa na hukurogwa. Ni maumbile yaliyokosea njia tumboni.

Kwa wengi wa watoto hawa stoma ni ya muda. Baadaye hufanyiwa upasuaji wa kutengeneza njia ya kawaida, kisha wa kuifunga stoma. Ndiyo maana uvujaji usichukuliwe kuwa jambo dogo la kufua nguo tu. Mtoto asiyepelekwa kliniki kwa sababu mfuko haushiki, au mwenye ngozi iliyochubuka na kupata maambukizi, anaweza kucheleweshewa upasuaji utakaomrudisha kwenye maisha ya kawaida.

Kwa nini ngozi inaungua?

Kifaa chenyewe kina sehemu mbili: bamba lenye gundi linalokaa kwenye ngozi, na mfuko unaopokea haja. Kwenye baadhi ya aina vimeungana, kwenye nyingine vinatenganishwa. Mfuko wenyewe hupasuka mara chache. Mahali panapoleta shida zaidi ni pale bamba linapokutana na ngozi.

Kinyesi cha ileostomi ni cha majimaji na kina vimeng'enyo vya kuyeyusha chakula. Vimeng'enyo hivyo havijui tofauti ya nyama uliyokula na ngozi ya tumbo lako. Vikipata upenyo chini ya bamba, vinaanza kazi. Ngozi inachubuka na kutoa majimaji. Gundi nayo haishiki penye majimaji, kwa hiyo bamba la pili linavuja mapema kuliko la kwanza, na la tatu mapema kuliko la pili. Mgonjwa anaongeza plasta juu ya plasta, lakini kinyesi kimenaswa chini na kinaendelea kuunguza.

Ukihisi mwasho au moto chini ya bamba, libandue. Usizibe kwa plasta kusubiri siku ya kubadilisha ifike.

Ushahidi unaotupwa chooni

Mazungumzo kliniki mara nyingi huwa hivi:

"Nesi, mfuko wa mtoto hauna nguvu. Nimebandika juzi, jana jioni umeachia."

"Pole, mama. Bamba lililoachia liko wapi?"

"Nimelitupa chooni, nesi. Ningelibeba la nini, na harufu ile?"

Mama huyu hana kosa, hakuna aliyewahi kumwambia. Lakini alichokitupa ndicho kilichojua mahali tatizo lilipoanzia. Mgongo wa bamba lililotumika ni kama udongo baada ya mvua: unaonesha maji yalipopita. Muuguzi akiuona, anaweza kukuambia tundu ni kubwa mno, au kuna mkunjo upande wa kushoto, au unakaa na bamba siku nyingi kuliko uwezo wake. Asipouona, atakupa mifuko mingine ya aina ileile, na utarudi na malalamiko yaleyale.

Hata viwandani vifaa hivi hupimwa. Vipo viwango vya kimataifa vya ISO: namba 8670 kwa mifuko, na namba 12505, vilivyoanza kutolewa mwaka 2014, kwa mabamba ya kulinda ngozi. Mabamba hupimwa uwezo wake wa kunyonya maji, nguvu ya gundi, na jinsi yanavyohimili unyevu bila kuyeyuka. Hivyo ni vipimo vya maabara, na maabara haina tumbo lako lenye kovu, haishiki jembe wala haibebi mtoto mgongoni. Kipimo cha mwisho unakifanya wewe.

Kipimo cha kwanza: ukubwa wa tundu

Stoma mpya huwa imevimba. Katika wiki sita hadi nane za kwanza hunywea. Tundu ulilokatiwa hospitalini siku ya kuruhusiwa linaweza kuwa kubwa mno mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo, katika wiki hizo pima angalau mara moja kwa wiki, wakati wa kubadilisha. Baada ya hapo pima unene au wembamba wako ukibadilika, na kwa mtoto endelea kupima kila mara kwa sababu tumbo lake linakua.

Maboksi mengi ya mifuko huja na karatasi ya kupimia yenye matundu ya ukubwa tofauti. Kama huna, tengeneza yako. Chukua karatasi ngumu iliyo safi, chora kwa rula miduara ya milimita 20, 25, 30, 35 na 40, kisha ikate. Pitisha matundu juu ya stoma moja baada ya jingine. Linalofaa ni lile linaloizunguka stoma na kuacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 tu pande zote. Kama stoma si duara, weka nailoni nyepesi na safi juu yake, ichore umbo lake kwa kalamu ya wino mzito, kisha hamishia umbo hilo kwenye karatasi ya nyuma ya bamba. Kumbuka kwamba ukiigeuza nailoni, kushoto kunakuwa kulia.

Tundu likiwa kubwa, ngozi inabaki wazi na inaunguzwa. Likiwa dogo, linaikwaruza stoma, na hili ni la hatari zaidi kwa sababu stoma haina neva za maumivu. Inaweza kukatwa na usisikie chochote.

Kipimo cha pili: mgongo wa bamba

Kabla ya kubandua, weka alama ya kalamu kwenye ukingo wa bamba upande wa juu, unaoelekea kichwani. Bandua taratibu kutoka juu kwenda chini, huku mkono mwingine ukiisukuma ngozi. Kisha ligeuze na ulitazame kwenye mwanga.

Gundi iliyoliwa au kuvimba sawasawa kuzunguka tundu lote ina maana tundu ni kubwa mno, au bamba limekaa siku nyingi kupita kiasi. Mchirizi wa kinyesi wa upande mmoja, mfano wa ulimi, ina maana upande huo wa tumbo kuna mkunjo, kovu au bonde ambalo bamba limeruka bila kulijaza. Katikati pakiwa safi lakini kingo zimejikunja, tatizo haliko kwenye tundu. Tafuta jasho, mafuta uliyopaka, nywele, au mahali unapofungia kanga na mkanda wa suruali.

Bamba la kwanza linaweza kukudanganya. Yakiwa mawili au matatu mfululizo yenye alama upande uleule, hapo umepata jibu.

Kipimo cha tatu: ngozi yenyewe

Safisha kwa maji ya kawaida ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, kisha tazama. Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu kama sehemu ya ndani ya mdomo. Kutoa tone la damu unapoifuta si ajabu. Ngozi inayoizunguka inatakiwa ifanane na ngozi ya upande wa pili wa tumbo. Kwa ngozi nyeusi, usisubiri wekundu. Tafuta mahali palipoiva rangi au kupauka kuliko kwingine, palipochubuka, au penye moto ukigusa.

Mchubuko ulio karibu na stoma tu huonesha kinyesi kinagusa ngozi. Muwasho wenye umbo la bamba zima unaweza kuwa aleji ya gundi. Vipele vinavyosambaa na kuwasha, hasa wakati wa joto, vinaweza kuwa fangasi. Haya mawili ya mwisho hayatibiwi kwa kukata tundu upya. Mwoneshe mtaalamu.

Kipimo cha nne: mikao yako ya kila siku

Hospitalini bamba hubandikwa ukiwa umelala chali. Tumbo likiwa limenyooka, kila bamba huonekana limekaa. Lakini wewe huishi chali. Baada ya kusafisha, kabla ya kubandika, keti na utazame tumbo lako kwenye kioo. Simama. Inama kama unayepalilia karanga. Chuchumaa kama uko choo cha shimo. Nyanyua ndoo yenye maji kidogo tu. Mikunjo isiyokuwepo ulipolala itajitokeza, na utaona kama stoma inazama ndani unapoketi.

Kama mkunjo unapita karibu na stoma, au stoma imelingana na ngozi au kuzama, bamba bapa haliwezi kuziba vizuri. Mwambie muuguzi hivyo hasa: "Nikiketi inazama." Yapo mabamba yenye mbinuko unaokandamiza ngozi kuizunguka stoma ili ijitokeze, ipo lahamu laini ya kujazia mabonde, na upo mkanda wa kiunoni wa kushikilia. Mabamba ya mbinuko yasitumike bila ushauri, maana yakikandamiza mahali pasipofaa yanaweza kujeruhi.

Kwa mtoto mchanga mikao ni mingine: kulia, kujikunja miguu, kutambaa. Na kuna mmoja ambao hatuuzungumzii. Ukimbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, tumbo lake linabanwa moja kwa moja kwenye mgongo wako, na mfuko uko katikati. Ukiwa umejaa, haja itatafuta pa kutokea. Mwage mfuko kabla ya kumfunga, uulaze kwa ubavu badala ya kuelekea chini, na ukiweza mbebe ubavuni. Baba na bibi nao wafundishwe, kwani mtoto hubebwa na wengi.

Kipimo cha tano: kalenda

Nyuma ya daftari la kliniki, andika siku na saa uliyobandika, na siku na saa lilipoachia. Andika pia ulikuwa ukifanya nini. Watu wazima wengi hubadilisha bamba kila baada ya siku tatu au nne. Watoto wadogo huenda wakahitaji mapema zaidi. Kama lako daima huachia usiku, pengine mfuko unajaa ukiwa usingizini. Mwage kila unapofika theluthi moja, kwani uzito huvuta bamba. Kama linaachia siku za shamba tu, tatizo ni jasho na kuinama.

Unaporekebisha, badilisha jambo moja kwa wakati. Ukikata tundu upya, ukanunua lahamu na kufunga mkanda siku hiyohiyo, hutajua kipi kilisaidia, na utaendelea kununua vyote vitatu.

Gundi, mafuta na bati

Wengi huharibu kwa nia njema. Wanapaka mafuta ya mgando ngozi isikauke, kisha wanabandika juu yake. Mafuta na gundi havipatani. Usitumie spiriti wala sabuni yenye mafuta na manukato. Ngozi iwe safi na kavu kabisa, kisha lipashe bamba kati ya viganja vyako, libandike, na ulikandamize kwa mkono dakika chache. Joto la mkono huifanya gundi ishike.

Kuhusu kuhifadhi: jua la Dodoma likipiga bati mchana, juu ya kabati panakuwa kama jiko. Gundi hulainika na kuharibika kabla hujaitumia. Weka maboksi chini, penye kivuli, yakiwa yamelala, mbali na jiko. Ukisafiri, usiyaache kwenye buti la gari.

Ukikosa mfuko

Najua kuna nyakati mifuko haipatikani karibu, au fedha hazitoshi. Usifunge nailoni ya sokoni kwa plasta kuizunguka stoma. Inabana, inachubua na haina gundi ya kulinda ngozi. Kwa mtoto mwenye kolostomi inayotoa kinyesi kizito, unaweza kutumia kitambaa laini cha pamba au nepi na kuibadilisha mara inapochafuka. Hapo ndipo krimu ya zinki ina nafasi yake, kwa kuwa hubandiki kitu. Kwa ileostomi njia hiyo ni ngumu, maana majimaji hayakomi na ngozi itaungua haraka. Usisubiri boksi liishe ndipo uanze kutafuta. Ukibakiwa na mabamba manne, anza kupiga simu ulikofanyiwa upasuaji.

Usione aibu kuuliza. Mfuko wa gundi unaotupwa baada ya matumizi ulianza kwa swali la ndugu. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dada yake Thora akiogopa kutoka nyumbani baada ya kuwekewa stoma, kwa hofu ya kuvuja mbele za watu. Ndipo akabuni mfuko wenye gundi unaoshika kwenye ngozi. Thora hakuwa na tofauti na wewe unayelitazama basi likiondoka Kibakwe bila wewe.

Dalili za kukimbilia hospitali

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona stoma imekuwa ya zambarau, nyeusi au iliyopauka sana. Inatoa damu isiyokoma. Utumbo umechomoza nje kuliko kawaida. Au haitoi kitu, huku tumbo limevimba, linauma na mgonjwa anatapika.

Kwa mwenye ileostomi, hasa mtoto, haja ya maji mengi kupita kawaida ni hatari hata kama mfuko umeshika vizuri. Mdomo mkavu, mkojo kupungua, macho kudidimia au utosi kubonyea ni dalili za kuishiwa maji mwilini. Anza kumpa ORS mkiwa njiani, usingoje kesho.

Siku ya kliniki

Iwe unakwenda Hospitali ya Wilaya ya Mpwapwa au hospitali za rufaa Dodoma mjini, beba vitu vinne: daftari lenye saa zako, karatasi yenye tundu ulilopima, bamba jipya moja la akiba, na bamba la mwisho lililotumika. Hili la mwisho lifute, likunje ndani ya gazeti, kisha ndani ya nailoni mbili zilizofungwa vizuri. Harufu haitatoka. Kama bado unaona aibu kulibeba, lipige picha kwa simu ukiwa na ile alama ya juu.

Muuguzi akiuliza, "Linavujia wapi?", utajibu: "Upande wa kushoto chini, nikiinama, siku ya pili." Kwa jibu hilo ana pa kuanzia.